Saa Nane ya Usiku: Kisa cha Kichanga Mmoja, Faili na Leso ya Bibi Yake

Nilifika kwa familia hii siku ya tisa baada ya mazishi. Nyumba yao iko ng'ambo ya Likoni, na nilipopanda feri asubuhi ile nilikuwa na maneno machache tu ya jirani yao aliyenipigia simu: mtoto amefariki, na babake anataka kwenda kupigana na hospitali. Nilimkuta baba barazani, amevaa viatu kama mtu anayetoka, na nilivyoambiwa alikuwa hivyo tangu alfajiri. Ndani, mzazi, yaani mama aliyejifungua, alikuwa ameketi kitandani, hajafika hata nusu ya arubaini yake. Nikamsalimu, nikampa pole. Alininyamazia kwa muda, kisha akaniuliza jambo ambalo hakuna aliyemjibu tangu atoke wodini: "Dada, maziwa bado yanatoka. Niyafanyeje?"

Kazi yangu ni kuzitetea familia mbele ya hospitali, na watu wengi wakisikia utetezi wa familia hufikiria barua, mawakili na sheria. Siku ile kazi yangu ya kwanza ilikuwa maziwa. Nilimpigia mkunga mmoja mstaafu, nikampa mzazi simu, akaelezwa polepole: avae sidiria inayoshika vizuri bila kumuumiza, aweke kitambaa cha maji baridi, akamue kidogo tu yanapomwuma, asiyamalize, maana titi likimalizwa hutengeneza mengine. Akipata homa, au titi likiwa jekundu na la moto, aende kliniki siku hiyohiyo. Simu haikufika dakika kumi. Alikuwa ameruhusiwa kutoka hospitalini na kibali cha mazishi mkononi, na dakika kumi hizo hazikupatikana.

Nakiandika kisa hiki kwa ruhusa yao. Siku, mtaa na mambo madogo ya kuwatambulisha nimeyabadilisha, na hospitali siitaji. Saa sikubadilisha hata moja, na msomaji ataona kwa nini.

Usiku wenyewe

Mimba ilikuwa ya pili, ya wiki 39. Mtoto wa kwanza alizaliwa bila taabu, kitabu cha kliniki kimejaa mihuri, presha haikuwahi kupanda. Uchungu ulianza magharibi. Wangeweza kujifungulia upande wao, lakini waliamua kuvuka ili wawe karibu na chumba cha upasuaji, ikiwa mambo yangegeuka. Mume akatafuta tuktuk, bibi mzaa mama akafuata na beseni na leso tatu, na saa nne usiku walikuwa mapokezi.

Saa nne na nusu sista alimpima: njia sentimita 5, moyo wa mtoto 142 kwa dakika. Patografu ikafunguliwa. Ni karatasi moja yenye mistari ambayo mkunga huchora juu yake mwendo wa uchungu: njia inavyofunguka, kichwa kinavyoshuka, moyo wa mtoto unavyopiga, maji yana rangi gani. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka moyo wa mtoto usikilizwe kila baada ya dakika 15 hadi 30 uchungu unapokolea, na kila dakika 5 mama anaposukuma. Hadi saa saba usiku karatasi ya mzazi huyu imejazwa kama inavyotakiwa, nukta baada ya nukta, mkono mmoja, kalamu nyeusi.

Kisha chupa ya uzazi ikapasuka, maji yakatoka. Mzazi anaikumbuka saa kwa kuwa alimwuliza mama wa kitanda cha pili, aliyekuwa na simu chini ya mto: saa nane na dakika chache. Akaita. Sista alikuja, akabadilisha shuka, akatia leso chafu katika beseni, akasema "nakuja sasa hivi," akatoka mbio. Baadaye mzazi alisikia mama mwingine akisukumwa kwenye kitanda cha magurudumu, na magurudumu yakigonga kizingiti cha mlango. Aliita mara kadhaa. Halafu akaacha kuita, kwa kuwa alichelea kuambiwa anapiga kelele. Anasema hakumwona mhudumu tena karibu yake hadi adhana ya alfajiri.

Mtoto wa kiume alizaliwa saa kumi na mbili kasoro dakika kumi. Hakulia. Alama za Apgar, za kupima hali ya kichanga, ambazo hutolewa kati ya 10 katika dakika ya kwanza na ya tano, zilikuwa 3, kisha 5. Akapelekwa nasari, wodi ya vichanga, akawekewa oksijeni, na jioni degedege likaanza. Siku ya tatu, saa tano asubuhi, alifariki. Familia ilipewa sentensi moja: "Mtoto alikunywa maji machafu." Walimsalia na kumzika alasiri ya siku hiyo.

Sentensi hiyo nimeisikia katika nyumba nyingi za Mombasa, na inanikera. Itazameni vizuri. Mtendaji ni nani humo? Ni kichanga. Yeye ndiye aliyekunywa. Wakunga, madaktari, zamu, saa, vyote vimetoka nje ya sentensi, amebaki mtoto peke yake na kosa lake. Hapa kwetu Kenya, kwa utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022, vichanga 21 kati ya kila 1,000 wanaozaliwa hai hufa kabla ya kufikisha mwezi. Sijui ni wazazi wangapi kati yao walirudi nyumbani na sentensi kama hiyo.

Kila mmoja na lake

Baba alitaka kushtaki, na alitaka kushtaki kesho yake. Bibi alikuwa na maneno mengine. Alinivuta jikoni akaniambia: "Mwanangu, hii ni kadari. Na mkiwasumbua watu wa hospitali, kesho tutarudi kwao na mtoto mwingine watuangalie vipi?" Mna imani na hofu katika maneno hayo, zimekaa pamoja, na mtu akisikiliza kwa haraka husikia imani tu. Hofu ile nilikuwa na wajibu wa kuishughulikia. Imani yake haikuwa yangu kuigusa. Mume ndiye aliyekwenda kwa imamu wa msikiti wao, akarudi na jibu ambalo bibi alilikubali: kuridhika na kadari ya Mwenyezi Mungu ni jambo moja, na kuuliza watu walivyoitunza amana waliyokabidhiwa ni jambo jingine.

Mzazi alisema haja yake siku ya pili nilipokwenda, na kwa sauti ndogo: "Nataka kujua kama ni mimi. Kama ningeita zaidi."

Mimi humsikiliza kila mtu peke yake, nikaandika kwa maneno aliyotumia, kisha nikamsomea. Akisema "sivyo", nafuta. Neno "alidai" silitumii. Ofisini neno hilo huonekana la kawaida, lakini masikioni mwa aliyefiwa linasema "hatukuamini". Naandika "alisema". Na saa nikiambiwa, huuliza papo hapo: ya usiku au ya mchana? Ulijuaje? Ulikuwa umetazama nini? Miaka 14 nilifanya kazi katika chumba cha kumbukumbu za hospitali, nikipanga mafaili ya watu, na najua jinsi saa inavyoweza kupotea baina ya mdomo na karatasi.

Barua ya Kiswahili

Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari iliyo mikononi mwa serikali, na hata iliyo mikononi mwa mtu mwingine ikiwa anaihitaji ili kulinda haki yake. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inaitaka ofisi ya umma ijibu ombi ndani ya siku 21, na inasema wazi kwamba ombi laweza kuandikwa kwa Kiingereza au kwa Kiswahili. Nalisisitiza hili kwa sababu familia nyingi hukaa miezi zikimtafuta mtu wa kuwaandikia Kiingereza kizuri, na muda unakwenda. Mzazi aliandika kwa mkono wake, ukurasa mmoja: mimi ni nani, niliingia siku gani, naomba nakala ya faili langu na la mwanangu, pamoja na patografu, karatasi za nasari na maelezo yoyote yaliyochukuliwa kwetu. Akaambatisha nakala ya kitambulisho, akaomba nakala yake igongwe muhuri wa kupokelewa. Muhuri huo ndio unaoanza kuhesabu siku.

Mara ya kwanza waliambiwa faili liko kwa mkaguzi. Mara ya pili, aliyehusika yuko likizo. Siku ya 19 walipewa kurasa 31.

Tulizitandaza mkekani, mume akiwa na taa ya simu kwa kuwa stima ilikuwa imepotea. Ukurasa wa 27 ulikuwa na maelezo ya mzazi. Yalichukuliwa siku ya pili, ameketi kwenye benchi nje ya nasari, mtoto wake ndani ana degedege. Aliyemhoji aliuliza kwa Kiswahili na kuandika kwa Kiingereza. Na pale mzazi aliposema chupa ilipasuka saa nane, yeye aliandika 0800.

Kwa anayesoma haya akiwa Mombasa sina haja ya kueleza. Siku yetu huanza na jua. Saa nane ya usiku ni saa ya pili baada ya usiku wa manane wa wenzetu. Lakini 0800 ni saa mbili ya asubuhi, na saa mbili ya asubuhi mtoto huyu alikuwa amekwisha kuzaliwa kwa zaidi ya saa mbili. Ukurasa wa 29, katika muhtasari wa jopo la hospitali linalopitia vifo vya wazazi na vichanga, pakaandikwa kwamba maelezo ya familia hayalingani na wakati wa kuzaliwa. Hayakutajwa tena. Yote aliyoyasema mama huyu, kuita kwake, leso, sista aliyetoka mbio, yalitupwa pamoja na tarakimu ile moja, kama maneno ya mtu aliyechanganyikiwa na msiba. Jopo likafunga: sababu ya kifo, kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, kingeweza kuzuilika, hapana.

Mzazi alipotafsiriwa mstari ule hakulia. Alisema, "Kwa hiyo walidhani mimi ni mwongo," na akatoka nje.

Tuliporudi kwenye patografu, tuliona jambo ambalo hakuna aliyelitazama. Katika mstari wa maji, hadi saa nane kamili usiku, imeandikwa herufi ya chupa ambayo haijapasuka. Kuanzia saa nane na nusu, herufi inabadilika. Yaani karatasi ya hospitali yenyewe ilikuwa ikiikubali saa ya mzazi. Ilihitaji mtu wa kuweka ukurasa wa 27 kando ya patografu na kujua Kiswahili cha saa.

Lakini ile herufi mpya ilikuwa ya maji masafi. Na mapigo ya moyo wa mtoto kuanzia saa saba na nusu yalisomeka hivi, kila nusu saa hadi saa kumi na moja alfajiri: 140, 140, 140, 138, 140, 140, 140, 140. Kalamu ya bluu. Moyo wa mtoto aliye katika uchungu mkali haukai hivyo, huyumba. Tena mtoto huyu alizaliwa na hakulia.

Sikuandika neno kughushi, na nilimwomba mume naye asiliseme. Tulichokiona ni rangi ya wino na tarakimu zinazofanana. Aliyejua ziliandikwa lini na kwa nini ni aliyeziandika, na alistahili kuulizwa kabla ya kuhukumiwa. Mtetezi akianza kusema asichokiona, hospitali itapata pa kushika, na familia ndiyo itakayoanguka.

Leso

Bibi alikuwa kimya pembeni. Kisha akainuka, akaenda chumbani, akarudi na kikapu cha ukili.

Usiku ule, sista alipomwagiza mume glavu na pedi, alikwenda kwenye duka la dawa linalokesha, akalipa kwa M-Pesa, akaja kugonga mlango wa leba, wodi ya kujifungulia. Mlango ukafunguliwa kidogo: yeye akatoa mfuko, bibi akakabidhiwa beseni. Ndani ya beseni mlikuwa na leso. Bibi aliikunja, akaitia kikapuni, na hakuifua. Siku za kwanza hakuwa na nguvu. Baadaye, alivyosema mwenyewe, mikono ilikataa.

Ni leso ya manjano yenye pindo jeusi. Maneno yake siyataji, ni yao. Doa lilikuwa kubwa kuliko sinia, katikati kijani kilichoelekea kahawia, rangi ya maji ya mchicha uliopikwa sana, na ukingoni limefifia likawa kama chai ya rangi. Kitambaa pale kilikuwa kigumu. Bibi alipokikunjua kilitoa sauti kama karatasi. Tukaitandika juu ya shuka jeupe karibu na dirisha, tukaweka rula kando yake, tukapiga picha, tukaandika ilitoka mikononi mwa nani, ikawekwa wapi na nani aliyeigusa.

Saa je? Mume alifungua simu. Ujumbe wa M-Pesa haujui Kiswahili cha saa wala huzuni: 2:26 AM. Saa nane na dakika 26 za usiku alikuwa dukani. Haikufika saa tisa leso ikawa nje ya leba, ikiwa na maji ya kijani, huku patografu ikisema maji masafi.

Maji ya kijani peke yake si hukumu. Maana yake mtoto amejisaidia tumboni, na wengi huzaliwa hivyo wakalia vizuri. Ni onyo: sikiliza moyo mara nyingi zaidi, mjulishe daktari, jiandae kumsaidia mtoto kupumua. Mimi si daktari na siwezi kusema mtoto huyu angeishi. Ninachosema ni kwamba onyo lilitolewa saa nane usiku, na katika faili halipo.

Kuna kesi moja wanayoikumbuka wengi Kenya, ya mama aliyejifungulia sakafuni katika hospitali ya umma huko Bungoma mwaka 2013. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamuru alipwe shilingi milioni 2.5. Kilichoifanya nchi imwamini ni video iliyopigwa kwa simu. Mara nyingi ushahidi wa familia huwa ni vitu vya namna hii, visivyokusudiwa kuwa ushahidi: simu, risiti, nguo.

Mtetezi anakula wapi

Watu huniuliza mshahara wangu natoa wapi, na ni swali zuri. Si hospitalini. Si kwa wakili. Silipwi asilimia ya fidia. Tukifanya kazi hii hapa, tunaifanya kwa kujitolea na kwa michango ya wenzetu, na nikimpeleka mtu kwa wakili namtajia zaidi ya mmoja ili achague. Hospitali zina meza za huduma kwa wateja, na nimekutana na watu wema sana kwenye meza hizo, lakini mtu wa meza ile ana bosi, na bosi wake ndiye anayelalamikiwa.

Uingereza walijifunza hili kwa bei kubwa. Uchunguzi ulioongozwa na mkunga Donna Ockenden kuhusu hospitali za Shrewsbury na Telford ulianza mwaka 2017 na familia 23, baada ya wazazi waliofiwa kukataa kunyamaza. Ripoti ya mwisho ya Machi 2022 ilihusu familia 1,486, na ilisema watoto 201, yaani 131 waliozaliwa wafu na 70 waliokufa wakiwa vichanga, huenda wangeishi kama wangepata huduma bora. Ripoti ya awali, ya Desemba 2020, ilitaka kila hospitali iwe na mtetezi mwandamizi aliye huru, kazi yake kuhakikisha sauti ya mzazi inasikilizwa. Wazo hilo likaanza kujaribiwa huko: mtu anayekaa na familia katika vikao, anayewaeleza hatua za uchunguzi, asiye wakili wala daktari wao. Nchi tajiri, yenye mafaili ya kompyuta, ikaona bado mzazi anahitaji mtu wa kukaa upande wake wa meza. Sisi tunamhitaji zaidi.

Kikao

Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inampa mtu haki ya kulalamikia alivyohudumiwa na malalamiko yake yachunguzwe. Tuliomba kikao kwa kuitaja. Hospitali ilikubali haraka kuliko nilivyotarajia, na ilitupangia chumba kwenye ghorofa ya leba. Nikaomba kingine. Mzazi asingepita mlango ule. Walituhamishia chumba cha mikutano cha utawala, na nawashukuru.

Walikuja msimamizi wa hospitali, daktari wa uzazi, daktari wa nasari, mkuu wa wauguzi na mkunga wa zamu ile. Sisi tulikuwa wanne. Daktari wa nasari alianza kwa maneno mazito ya Kiingereza, na nikamwomba: "Daktari, samahani, mweleze yeye, si mimi, na kwa Kiswahili." Aliona haya kidogo, akasogeza kiti, akamwambia mzazi: "Mtoto alikosa hewa ya kutosha kabla hajazaliwa. Ubongo uliumia. Degedege lilitokana na hilo." Ilikuwa siku ya 34 tangu mazishi, na ilikuwa mara ya kwanza kuelezwa.

Nikaeleza saa nane na 0800. Msimamizi ni mtu wa bara, lakini amekaa Pwani miaka mingi; alishika kipaji cha uso. Mkuu wa wauguzi akavuta patografu, akafuata kwa kidole, akasema taratibu, "Ni kweli. Chupa ilipasuka saa nane." Bibi hakungoja zamu yake. Alitoa leso, akaitandaza juu ya meza, juu ya karatasi zao, akasema: "Na hii ndiyo rangi ya maji."

Chumba kilinyamaza. Daktari wa uzazi aliitazama kwa muda mrefu bila kuigusa. Kisha akasema lililotakiwa kusemwa tangu mwanzo: rangi hiyo ilipaswa kuandikwa, na yeye alipaswa kuitwa, na hakuitwa.

Mkunga akaomba kusema. Usiku ule walikuwa wawili kwa wazazi 11. Saa nane na robo hivi mmoja wao alianza kutoka damu, naye ndiye aliyemkimbiza chumba cha upasuaji na kubaki naye, mwenzake akabaki na kumi. Mama yule aliokoka. Mkunga alisema: "Nilirudi alfajiri, nikajaza karatasi. Sikuwa nimesikiliza moyo wa mtoto wako. Nisamehe, dada." Mume alikuwa amekuja na hasira ya mwezi mzima, na niliona anatafuta pa kuiweka. Wakunga wawili, wazazi 11: nani aliyeipanga zamu hiyo? Aliuliza hivyo, na swali likahama kutoka kwa mkunga hadi kwa msimamizi, lilikostahili kukaa. Msimamizi alisema maombi ya kuongezewa wakunga yalikuwa yamepelekwa kaunti. Nikaomba nakala za maombi hayo. Sijaletewa hadi leo.

Mzazi alikuwa na swali moja. "Ningeita zaidi, ingesaidia?"

Daktari wa uzazi alimjibu: "Uliita. Sisi ndio hatukuja."

Yaliyobaki

Niliwaeleza njia zilizopo na kikomo cha kila moja. Mlalamiko kuhusu daktari huenda kwa Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, kuhusu muuguzi au mkunga kwa Baraza la Wauguzi. Ofisi ikigoma kutoa habari, upo Ombudsman, yaani Tume ya Utekelezaji wa Haki. Mahakamani, kesi ya madhara dhidi ya serikali ina miezi 12 tu, na dhidi ya hospitali binafsi miaka mitatu, na hapo wakili ndiye wa kusema, si mimi. Miezi 12 huisha upesi kuliko watu wanavyodhani, kwa kuwa kadhaa ya kwanza huliwa na msiba. Mume aliandika tarehe ya mwisho kwenye kalenda ya ukutani, kwa wino mwekundu, na hiyo ikampa utulivu ambao maneno yangu hayakuweza.

Walichagua kumwandikia msimamizi na idara ya afya ya kaunti, wasimshtaki mkunga, na wakae na haki ya kwenda mahakamani wakipenda. Jopo lilikaa upya, maelezo ya mzazi yakaambatishwa kwa Kiswahili chake pamoja na picha ya leso na ujumbe wa M-Pesa. Hapana ikawa ndiyo: kingeweza kuzuilika. Barua ya maelezo na kuomba radhi ilikuja ikiwa na sahihi na muhuri, kwa Kiswahili. Fomu ya kuchukulia maelezo ya familia ikaongezwa mstari wa kuchagua usiku au mchana, na maneno ya mtu huandikwa kwa lugha aliyoyasemea. Mkunga wa tatu wa usiku aliahidiwa. Nilipouliza baada ya miezi mitatu, yuko usiku mwingine na mwingine hayuko.

Yapo ambayo hatukuyapata. Kondo la nyuma lilikuwa limeteketezwa siku ileile, na mtoto alizikwa bila uchunguzi wa maiti, jambo ambalo familia haikuulizwa wala kuelezwa. Pengine wangekataa. Walistahili kuulizwa. Ningewafikia siku ya kwanza, ningewaeleza. Nilifika ya tisa.

Mume pia alitaka cheti cha kuzaliwa, mbali na cha kifo. Karani alimwuliza cha nini, mtoto si amefariki? Akamjibu kwamba anataka iandikwe alizaliwa. Mtoto aliyezaliwa hai akafa huandikishwa mara zote mbili, na alipewa vyote viwili.

Wiki iliyopita bibi alinipigia simu. Aliniuliza hali, akaniuliza wanangu, kisha akasema, "Mwanangu, leso sasa naweza kuifua?" Nikamwambia picha zipo na hospitali imekubali, lakini kama mkwe wake atabadili nia kabla ya ile tarehe nyekundu, wakili huenda akaitaka yenyewe. Nikamwambia uamuzi ni wao.

Alifikiri kidogo. "Basi itakaa kikapuni," akasema, na akaniuliza kama kuiweka mahali penye unyevu kutaiharibu.